Mapiloti wa India na usingizi wetu: sheria bila watu ni karatasi tu

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama munaobaki nyumbani kungojea mutu wa posti ya usiku, leo tunazungumza juu ya ndege. Musiseme haituhusu. Mambo yaliyotokea India mwanzo wa mwezi wa 12 mwaka 2025 ni mambo ya masaa ya kazi na usingizi, na hayo sisi tunayajua kuliko wengi.

Tarehe 5/12/2025, kampuni ya ndege IndiGo ilifuta safari zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Haikuwa kampuni ndogo: mwaka 2025, kwa watu 10 waliopanda ndege ndani ya India, zaidi ya 6 walipanda yake. Abiria walilala chini kwenye viwanja vya ndege, mizigo ikarundikana, wengine wakakosa arusi na mazishi. Hakukuwa vita, hakukuwa mugomo. Kwanza kampuni ilitaja hali ya hewa na shida za mashine. Nyuma yake ikakubali kwamba ilihesabu vibaya: mapiloti hawakutosha kwa safari ilizouza.

Kwa nini hawakutosha? Juu sheria mpya ya mapumziko ilianza kufanya kazi yote tarehe 1/11/2025. Mbele, piloti alikuwa na haki ya masaa 36 ya kupumzika kila juma, sasa ni 48 yenye kufuatana. Kutua usiku kulikuwa mara 6, sasa ni mara 2. Na kulikuwa neno moja ambalo sisi tulilisoma mara mbili: siku za konje haziwezi kuhesabiwa kama mapumziko ya juma. Konje ni konje, mapumziko ni mapumziko.

Sheria ya namna hii haitoki hewani. Tarehe 22/5/2010, ndege ya Air India Express ilitoka Dubai usiku, ikafika Mangalore asubuhi mapema. Ndani mulikuwa wafanyakazi wengi waliokuwa wanarudi nyumbani toka nchi za Ghuba. Ndege ilipita mwisho wa njia ya kutua, ikaanguka bondeni. Watu 158 walikufa, 8 tu wakapona. Wachunguzi waliposikiliza mashine inayoshika sauti, walisikia komanda anakoroma. Alikuwa amelala karibu saa 1 na dakika 40. Alipoamka ndege ilikuwa juu sana. Piloti mwenzake alimuambia warudi juu wajaribu tena, yeye akaendelea kutua. Wachunguzi waliandika kwamba kichwa chake kilikuwa bado na usingizi.

Mushofere wa kamyo kubwa kwenye kariere hahitaji mwalimu wa kumuelezea hiyo. Ile saa mbele jogoo hajawika, macho iko wazi lakini mwenyewe hayuko.

Sasa angalieni serikali ya India ilifanya nini. Tarehe ile ile 5/12, ofisi inayosimamia ndege, DGCA, iliondoa lile neno la konje. Tena ikapatia IndiGo ruhusa ya kutofuata mipaka ya kazi ya usiku mpaka tarehe 10/2/2026. Chama cha mapiloti kilipinga, lakini ruhusa ilikuwa imetoka.

Tuhukumu kwa haki. Abiria walikuwa wanateseka, serikali haikuweza kukaa kimya. Iliweka mpaka wa bei ya tikiti, kisha ikaamuru IndiGo ipunguze safari zake kwa 10%. Lakini hapo ndipo tunauliza: kama kupunguza safari kuliwezekana, kwa nini walianza na kupunguza mapumziko?

Na kampuni haikushitukizwa. Sheria iliandikwa mwezi wa 1 mwaka 2024. Wakubwa wa kampuni za ndege walilalamika, ikasukumwa mbele. Mapiloti walienda mpaka kwenye tribinali ya Delhi, ndipo tarehe zikapangwa: sehemu ya kwanza tarehe 1/7/2025, ingine tarehe 1/11. Ni karibu miaka miwili ya kujitayarisha. Shirikisho la mapiloti linasema wakati huo wote kampuni ilikuwa imefunga mulango wa kuajiri. Kampuni zingine ziliingia kwenye sheria ile ile bila kuanguka namna hii.

Somo letu liko hapa. Mapumziko si zawadi ya mukubwa, wala si neno zuri ndani ya kitabu. Mapumziko ni hesabu ya watu. Tupige hesabu pamoja. Juma lina masaa 168. Code ya kazi ya inchi yetu inasema masaa 45 kwa juma. Kamyo inayotembea usiku na muchana bila kusimama, kiti chake kimoja kinaomba watu karibu 4, na hapo hatujahesabu mugonjwa wala mwenye konje. Ukiweka watu 2, kila mutu anabeba masaa 84. Ukiweka 3, ni masaa 56. Basi mukisikia direksio inasema inafuata masaa ya sheria, musiulize masaa. Ulizeni kwa kiti kimoja wako watu wangapi.

Tuseme pia ukweli wetu. Wengi wetu tunauza mapumziko yetu wenyewe. Pesa ya shule inakaribia, kapita anatafuta mutu wa masaa ya ziada, tunainua mukono. Hatumulaumu mutu anayelisha watoto. Lakini kila tunapofunika shimo la mutu asiyeajiriwa, tunaonyesha direksio kwamba hana lazima. Na siku tutakayokataa, tutaambiwa sisi ndio tunaangusha produksio, sawa vile India watu walianza kusema sheria ya mapiloti ndiyo iliharibu safari. Sheria haikuharibu kitu. Ilionyesha tu kwamba watu walikuwa pungufu tangu zamani.

Kwa hiyo, kwa mazungumzo yanayokuja, tunaomba kila delege wa sendika asitie sahihi kwenye masaa peke yake. Pembeni ya masaa iandikwe hesabu ya watu kwa kila posti, na tarehe ya kuwaajiri. Iandikwe pia kwamba konje haiwezi kumeza mapumziko ya juma.

Ile ruhusa ya India ilipangwa kuisha tarehe 10/2/2026. Mwenye shibe hamujui mwenye njaa, na aliyelala vizuri hamujui aliyekesha. Wanaopanga posti zetu wanalala nyumbani usiku. Sisi tunataka kurudi kwetu asubuhi, na macho wazi.