Wote tunacheza "Sina Makosa", lakini nani anamjua Tom Malanga?

Ilikuwa sherehe ya ndoa ku komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi. Kijana wa sono alikuwa amepiga ndombolo kwa saa nzima, na wazee walibaki wameketi na chupa zao za Simba. Halafu akaweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Viti vikabaki vitupu. Mama mmoja aliacha mkoba wake juu ya meza, jambo ambalo mtu hafanyi kirahisi katika mji wetu, akaingia kucheza.

Kando yangu alibaki papa mmoja aliyepiga besi zamani katika orkestra moja ya Likasi, orkestra iliyovunjika siku nyingi. Nikamwambia: "Papa, sikia hiyo gitaa!" Akanikatiza: "Wewe unasikilizaka gitaa tu. Sikiliza chini, mwanangu. Miguu ya ule mama inafuata nini?"

Nikasikiliza. Miguu ilikuwa inafuata besi.

Nikamuuliza nani aliyepiga. Akajibu bila kufikiri: Tom Malanga. Mimi niliyesomea uandishi wa habari ku chuo kikuu, na niliyeandika juu ya muziki mara nyingi, jina hilo sikuwa nalo. Siku ya kazi nikauliza wenzangu. Wote waliujua wimbo. Wengine walimtaja John Ngereza aliyeimba, mmoja alimtaja Profesa Omari. Malanga hakutajwa na mtu.

Maoni yangu ni kwamba huu ni uzembe, na sisi waandishi tuna sehemu kubwa ndani yake.

Kwa wale wasioijua historia: mwaka 1978, kule Nairobi, wanamuziki kadhaa walitoka Simba Wanyika, orkestra ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga. Kati yao walikuwemo Profesa Omari Shabani, mpiga gitaa la akompanyema na mtunzi, Rashid Juma wa ngoma, na Tom Malanga wa besi. John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa akipiga na Bwambe Bwambe, akaungana nao. Wakafanya mazoezi kwa miezi, kisha wakatoka na jina la Les Wanyika. "Sina Makosa" ndiyo iliyowafungulia mlango Afrika Mashariki yote, na ikafika mpaka kwetu, ambako Kiswahili chake hakihitaji mtu wa kututafsiria.

Sasa linganisha na orkestra zetu za wakati ule. TP OK Jazz ya Franco ilipita watu 20 jukwaani: waimbaji safu nzima, gitaa juu ya gitaa, tarumbeta na saksofoni. Katika umati kama huo mtu mmoja akilala, wengine wanamfunika. Les Wanyika walikuwa wachache. Gitaa ya Omari inapiga kwa sauti kavu, ya kukatakata, solo inaingia kwa adabu, ngoma hazipigi kelele. Katikati kunabaki nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo Malanga aliyopewa kuilinda.

Hakuijaza. Hapo ndipo ninamwona mkubwa. Anasema maneno machache kwa nyuzi zake, ananyamaza, anaiacha akompanyema ijibu, halafu anarudi mahali ambapo mwili wako ulikuwa umeanza kumngojea. Wimbo wenyewe ni wa mtu anayejitetea kwamba hana kosa. Ngereza anaimba kwa upole, hagombani na mtu, na besi iliyo chini yake nayo inatulia hivyo hivyo. Ukiweka hapo mpiga besi anayetaka kuonekana, anayekimbia juu na chini ya gitaa, ule utetezi wa upole unageuka ugomvi.

Rafiki yangu mmoja anayepiga solo anapinga. Anasema besi ya "Sina Makosa" mwanafunzi anaweza kuishika baada ya wiki moja, na kwamba sifa ni ya mtunzi, Omari. Kwa Omari hatubishani. Lakini hilo la wiki moja nilimpelekea yule papa wa Likasi, akacheka. Akasema kushika noti ni siku tatu tu. Kazi ni kuzipiga dakika nzima kwa uzito ule ule, bila kukimbia, bila kuongeza hata moja wakati umekwisha kuchoka na watu wanakutazama. Alisema wengi walishindwa hapo.

Tusifikiri hii ni hadithi ya Nairobi peke yake. Kila tarehe 30 mwezi wa sita redio zetu zinapiga "Indépendance Cha Cha". Kila mtoto wa shule anaambiwa ni ya Joseph Kabasele na African Jazz, na kwamba ilizaliwa Brussels mwaka 1960 wakati wa mkutano wa Meza ya Duara. Wenye kupenda gitaa wanaongeza jina la Nico Kasanda. Na besi? Aliyeishika katika safari ile ni Armando Brazzos, mtu wa OK Jazz. Gitaa ndiyo ilikuwa kazi yake, lakini Nico na kaka yake Dechaud walikuwa tayari upande wa gitaa, naye akasimama nyuma na kontrabasi. Inchi nzima imecheza uhuru wake juu ya vidole vya mtu ambaye haimjui.

Na tusiseme kwamba Wakongomani hatupendi kutaja majina! Muziki wetu wa leo umejaa majina. Atalaku anaweza kumtaja mfanyabiashara, mheshimiwa, mwenye duka la magari, mke wa mwenye duka la magari, na mtoto wao aliyezaliwa juzi. Hayo ndiyo mabanga, na kila mtu anajua yanalipiwa. Katika wimbo mmoja unaweza kuhesabu majina mengi ya watu ambao hawajagusa hata uzi mmoja wa gitaa. Yule anayepiga besi tangu mwanzo mpaka mwisho hana pesa ya kununua jina lake ndani ya wimbo anaoupiga yeye mwenyewe.

Kuna tena jambo la simu. Vijana wetu wengi wanasikiliza muziki kwa spika ndogo ya telefone. Spika hiyo haiwezi kutoa sauti ya chini: inatoa mdomo wa mwimbaji, inatoa solo, na besi inapotea kabisa. Kijana wa miaka 18 anaweza kuwa amesikia "Sina Makosa" mara mia moja bila kumsikia Malanga hata mara moja. Jaribu mwenyewe. Isikilize kwa simu, halafu nenda mahali penye bafle kubwa. Utadhani ni nyimbo mbili.

Zamani huku Katanga hatukuwa na shida hii, maana besi na solo zilikaa katika mkono mmoja. Mwaka 1952, wakati Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kidole gumba cha Bosco kilikuwa kinatembea juu ya nyuzi nene, na kidole cha pili kinaimba juu ya nyuzi nyembamba. Aliyemsifu Bosco alikuwa amesifu vyote viwili. Gitaa za umeme zilipokuja na orkestra zikakua, kidole gumba kikawa mtu kamili, mwenye jina, mke na kodi ya nyumba. Tukaendelea kukisifu kile kidole kingine tu.

Hata Marekani walichelewa. James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi kubwa za Motown kule Detroit, na kwa miaka jina lake halikuandikwa ku sahani. Ilipofika 1971, Marvin Gaye alipotoa "What's Going On", ndipo likaandikwa. Jamerson alikufa 1983. Heshima ya kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame ilimfikia mwaka 2000, yeye akiwa kaburini miaka 17.

Mtu ataniuliza: jina linaleta nini mezani? Linaleta mambo mengi. Sheria yetu ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986 haiwalindi watunzi peke yao, inazitaja pia haki za wale wanaopiga na kuimba kazi ya wengine. Lakini mpiga besi ambaye jina lake halikuandikwa popote atadai kwa karatasi gani? Yule papa wa Likasi alirekodi zamani. Hana sahani, hana mkataba, na anapousikia wimbo wake ku redio watoto wake wanamuuliza kama kweli ni yeye. Mbele ya watoto wake hana cha kuonyesha isipokuwa vidole.

Ninachoomba si kikubwa. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa binadamu, na tulifurahi, ilikuwa haki yetu. Basi redio zinapopiga rumba hiyo, mtangazaji ataje wapigaji, na si mwimbaji peke yake. Inachukua sekunde kumi, na matangazo ya sabuni yanachukua zaidi. Wanaotoa nyimbo leo waandike majina ya wapigaji wote pale wanapoweka kazi yao ku intaneti. Na sisi waandishi, tukienda ku konseri, tusiondoke na jina la mwimbaji peke yake ndani ya kaye.

Nimekwisha kuanza. Juzi nilikwenda Kamalondo kuandika juu ya kikundi kimoja cha vijana. Walipomaliza nikampita mwimbaji, nikampita wa solo, nikamwendea kijana wa besi aliyekuwa anakunja kamba zake kule nyuma. Nikamuuliza jina, linaandikwa namna gani. Alinitazama, akaonyesha kwa kidole upande ule mwingine wa jukwaa. "Yaya," akasema, "wa solo ni ule pale."