MAKUMBUSHO SI MAHALI PA KUPITA MBIO

Kumpeleka mtoto wa shule katika Makumbusho ni jambo jema, nasi twawapongeza walimu wote wanaoihangaikia safari hiyo. Lakini kumfikisha mlangoni ni kazi moja, na kumwonyesha kilichomo ni kazi nyingine. Aghalabu watoto hupitishwa vyumbani kwa haraka, mikono nyuma, midomo imefungwa, daftari zimejaa majina yaliyonakiliwa vibaoni. Jioni mtoto akiulizwa nyumbani ameona nini, hujibu: "Mifupa." Nauli ya mzazi imekwenda bure.

Tuchukue mfano mmoja. Tarehe 17 Julai, 1959, Bibi Mary Leakey aliona mfupa umechomoza ardhini katika Bonde la Olduvai. Fuvu hilo la Zinjanthropus lilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1965. Kiongozi mwenye haraka atawaambia watoto: "Lina miaka 1,750,000. Twendeni." Kiongozi aijuaye kazi yake atasimama na kuuliza: Umri huo umejulikanaje, na fuvu halina cheti cha kuzaliwa?

Hapo ndipo sayansi inapoanza. Volkano za kale zililimwagia bonde lile majivu, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya majivu hayo mna potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka polepole, kwa kadiri isiyobadilika, ikawa gesi ya agoni. Apimaye agoni iliyokusanyika huweza kuhesabu miaka iliyopita. Kabla ya vipimo hivyo kutangazwa mwaka 1961, fuvu lilikisiwa kuwa na miaka 600,000 tu.

Kisha watoto waonyeshwe magego. Kwa ukubwa wake, watu walimpa mwenye fuvu jina la "Mvunja Njugu". Lakini meno ya jamaa zake yalipochunguzwa kwa darubini mwaka 2008, hayakuonekana makovu ya kuvunja vitu vigumu. Na uchunguzi wa kikemia wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi na ndago. Mtoto aelezwaye hayo hujifunza kwamba hata neno la mtaalamu husahihishwa na ushahidi. Somo hilo lapita majina mia ya kukariri.

Wapo wasemao kwamba watoto ni wengi na saa ni chache. Ni kweli. Basi wagawanywe makundi madogo, waonyeshwe vitu vitatu barabara badala ya thelathini ovyo. Mwalimu atangulie kwenda peke yake, achague vitu hivyo, na kila mtoto aondoke darasani akiwa na swali lake.

Nanyi wanachama na wafanyakazi, msidhani kwamba jambo hili ni la walimu peke yao. Watoto wengi wa makuli na wakulima huiona safari hiyo mara moja tu maishani, na wengine huachwa kwa kukosa mchango. Tawi lenye gari na liwabebe. Lisilo na gari lichange nauli. Twasema kila siku kwamba ujinga ni adui. Adui huyo hapigwi kwa hotuba tu.

Fuvu lile ni mali ya Taifa. Mtoto wa mfanyakazi ana haki ya kulielewa, si kulipita.