Kidudu cha Kuhara Damu Kina Ndugu Tumboni Mwetu

Hapa Mabamba mtu akihara damu, neno la kwanza utakalosikia ni kwamba ugonjwa umetoka ng'ambo, yaani Burundi. Sisi wauguzi tumelisikia neno hilo tangu ujana wetu. Safari hii tunaomba wasomaji wetu tuutazame kwanza ukoo wa kidudu chenyewe kabla ya kumnyoshea jirani kidole.

Kidudu hicho huitwa Shigela, kwa jina la daktari Mjapani, Kiyoshi Shiga, aliyekigundua mwaka 1897. Kipo kingine kiitwacho Esherikia koli, ambacho daktari Theodor Escherich alikieleza mwaka 1885. Hiki huishi tumboni mwa karibu kila mtu, wewe na sisi, na aina zake nyingi hazidhuru. Kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa makabila mawili. Wataalamu walipochunguza vinasaba vyao, waliona kuwa ni ukoo mmoja. Shigela ni Esherikia koli iliyoharibika tabia, tena si mara moja bali mara kadhaa, kila mara kwa kupata kipande cha ziada cha vinasaba kiitwacho plasmidi, kinachokiwezesha kidudu kupenya ukuta wa utumbo. Jina la Shigela limebaki tu kwa sababu ya ugonjwa wenyewe.

Mwaka 1979 ulizuka mlipuko mkubwa wa kuhara damu nchini Zaire, na miaka iliyofuata ukafika Rwanda, Burundi na huku kwetu magharibi mwa Tanzania. Dawa zikashindwa moja baada ya nyingine: tetrasaiklini, ampisilini, kotrimoksazoli, mwisho hata asidi ya nalidiksiki. Huko Goma, Julai 1994, karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, kwanza kwa kipindupindu, kisha kwa kuhara damu.

Mwaka 2016 wataalamu walitoa matokeo ya kusoma vinasaba vya sampuli 331 za aina ile kali ya Shigela, zilizokusanywa sehemu nyingi za dunia kati ya 1915 na 2011. Waliona kwamba matawi ya ukoo huo yanafuatana na vita na maafa, na kwamba tawi moja sugu kwa dawa nyingi lilikuja Afrika kutoka Asia ya Kusini kwa awamu kadhaa. Basi Mrundi amekizaa lini? Kilimkuta njiani na kambini, penye maji haba na vyoo vichache, kama ambavyo kingetukuta sisi.

Lakini linalotutia hofu zaidi ni jambo lililoonekana Japani mwaka 1959: Esherikia koli sugu huweza kumpa ndugu yake Shigela kinga dhidi ya dawa, kwa njia ya hizo hizo plasmidi. Ni kama mtu anayemwazima nduguye panga.

Sasa tazama tunavyoishi. Siku ya gulio mtoto anaharisha maji. Mama anapita dukani, ananunua kapsuli mbili za rangi mbili, anafungua moja na kumnywesha mtoto nusu ya unga wake. Kuharisha kungekoma kwenyewe baada ya siku chache, ila kapsuli ndiyo inayopata sifa. Tumboni, vidudu visivyo na kosa vilivyo dhaifu vimekufa, vilivyo sugu vimebaki na kuzaana, vikingoja siku Shigela atakapopita.

Tusiwalaumu akina mama peke yao. Na sisi wenye sare nyeupe tumeandika siprofloksasini kwa kuhara maji, kwa sababu tu mgonjwa aliyetembea saa tatu haridhiki kurudi na pakiti za chumvichumvi. Hilo ni kosa letu, na tunalisema wazi.

Wenye maduka ya dawa muhimu tunawaomba hivi: msiuze kapsuli moja moja. Mtoto anayehara maji mpeni ORS na vidonge vya zinki, na mama aambiwe aendelee kumnyonyesha; akiwa amelegea sana au macho yameingia ndani, aletwe hospitali. Damu ikionekana kwenye choo, aje siku hiyo hiyo, hata usiku, wala msimuulize anatoka upande gani wa mpaka.