Sheria ipo, mwamuzi yuko wapi?

Kwa miaka mingi sheria ilimpa kipa sekunde sita tu za kukaa na mpira mikononi. Kila shabiki aliijua, na kila shabiki alijua haifuatwi. Kipa anaukumbatia mpira, analala nao, anaamka taratibu, refa anamtazama tu. Adhabu yake ilikuwa kali mno, mpira wa adhabu ndani ya boksi, hivyo waamuzi wakaiogopa. Mwaka 2025 IFAB ikachoka: sasa ni sekunde nane, refa anahesabu tano za mwisho kwa vidole, zikipita ni kona.

Tenisi ya meza ina ugonjwa huohuo, na unakaa kwenye sevu.

Sheria yenyewe haina utata. Mpira unawekwa kwenye kiganja kilichofunguliwa, hakuna kuubana kwa vidole. Unarushwa juu wima, bila kuzungushwa, angalau sentimita 16, yaani kuzidi kidogo urefu wa wavu. Unapigwa ukishuka. Muda wote uwe juu ya usawa wa meza na nyuma ya mstari wa mwisho, na mpokeaji auone. Mkono uliorusha uondoke hapo mara moja.

Hilo la mpokeaji kuuona ndilo lenye vita. Mkono uleule unaweza kuupa mpira mzunguko wa mbele, wa nyuma, au usizunguke kabisa. Anayepokea hana cha kumsaidia ila kutazama raketi inapogusa mpira. Ukimzibia kwa bega au mkono, anabaki kubahatisha. Ndiyo maana mwaka 2002 sevu za kujificha zilipigwa marufuku. Na seti inaisha kwa pointi 11; ukiiba mbili, umekula karibu moja ya tano ya safari.

Utetezi wa waamuzi ni kwamba wanakaa pembeni, usawa wa wavu, hivyo hawaoni anachoona mpokeaji. Kweli kabisa. Lakini waliotunga sheria walilijua hilo, wakambebesha mzigo mpigaji: yeye ndiye anayetakiwa kumridhisha mwamuzi kwamba sevu yake ni halali. Mwamuzi akiwa na shaka tu, mara ya kwanza anasimamisha na kuonya. Shaka ya pili kwenye mechi hiyohiyo, pointi inakwenda kwa mpokeaji. Ikiwa kosa ni la wazi, hata onyo halipo. Refa wa soka angepewa silaha ya namna hii kwa wanaojirusha ndani ya boksi, asingeilalia.

Mwishoni mwa 2019, kwenye fainali za World Tour mjini Zhengzhou, China, marudio ya video yalijaribiwa, ndugu yake VAR. Ni hatua nzuri, ila kamera haziwezi kufika kila ukumbi, na vijana wanajifunza kuficha mpira huko huko zisikofika. Huko yupo mwamuzi mmoja na kiti chake. Ainue mkono, hata kama ni 9-9, na hata kama anayepiga sevu ndiye nyota aliyejaza ukumbi. Atanuniwa, ndiyo. Kipa anayepigiwa kona naye hununa, lakini mpira unaofuata anautoa mapema.