Uzembe Unaotiririka Vyooni

Zipo ofisi za umma Dar es Salaam ambamo maji ya choo hutiririka usiku na mchana, na wakuu wake hupita wakijifanya viziwi. Huo ni ubadhirifu wa mali ya umma. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, jiji hilo liliingia katika mgao wa maji. Mwananchi aliyekesha na ndoo ana haki ya kuuliza.

Ubovu wenyewe ni mdogo kiasi cha kuaibisha. Wino ukitiwa ndani ya tangi, na baada ya nusu saa rangi ikaonekana kwenye sinki bila choo kuvutwa, mpira wa chini umechakaa. Bei yake haifikii posho ya kikao kimoja. Maji yakimwagikia ndani ya bomba la katikati, boya limepanda mno na literemshwe, au valvu yake imekwisha. Lakini ndugu hawa husubiri fomu, sahihi tatu na fundi kutoka makao makuu! Majumbani mwao, ambako bili hulipwa kwa fedha zao, mpira hubadilishwa siku hiyo hiyo.

Meneja ambaye choo cha ofisi yake kinavuja mwezi mzima akatwe bili hiyo katika mshahara.