Desemba hii waachie Diani wenyewe, twende Rusinga

Wewe unayeshuka matatu Tom Mboya kila asubuhi, unajua mwenye jina hilo alizikwa wapi? Yuko Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria katika kaunti ya Homa Bay, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Alipigwa risasi hapa hapa jijini, Julai 5, 1969, kwenye barabara ambayo leo tunaiita Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38.

Naanza na kaburi kwa sababu wengi wetu tunakijua kisiwa kile kwa matanga tu. Kama una watu kule, unasafiri usiku, mnazika, Jumapili unarudi. Kama huna, hujawahi hata kukiwaza. Likizo kwetu ni bahari. Mabeste wanaanza kuchanga Agosti, wanafika Diani Desemba, chumba kimepanda bei maradufu, na picha wanazorudi nazo ni zile zile za mwaka jana.

Mimi nasema Rusinga ni likizo kamili. Unapanda basi la usiku hadi Mbita, halafu unavuka daraja kwa boda, basi, uko kisiwani. Kama huna haraka, pitia Kisumu na Bondo hadi Luanda K'Otieno, uvuke ziwa kwa feri, ukae juu upigwe na upepo.

Kisiwa chenyewe ni milima. Ni masalia ya volkano ya kale, Kisingiri, na majivu yake ndiyo yaliyohifadhi mifupa ambayo dunia nzima inaijua kuliko sisi. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapo fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Wanasayansi wanatoka ng'ambo kuja kuchimba. Sisi tulio safari ya usiku mmoja tu tunauliza kama kuna klabu.

Panda mlima alfajiri, kabla jua halijawa kali. Huko juu utaona Mfangano upande mmoja na vilima vya Gembe upande wa pili. Mchana kula ngege na ugali, na usiwe na haraka, samaki anapikwa ukimsubiri. Halafu nenda kwa Mboya. Waulize wanaotunza pale habari za ndege zilizopeleka wanafunzi Marekani kuanzia 1959. (Sisi tulioachia chuo njiani tunapenda kukumbuka kwamba jamaa alianza kama mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi.)

Sitakudanganya. Ziwa lina kichocho, kwa hivyo usijirushe majini popote tu kwa ajili ya video. Malaria ipo, lala ndani ya neti. Na usitembee ufukweni usiku, viboko hutoka kula nyasi.

Kinachoniuma ni wale wanaokuja kutwa, wanapiga selfi mbele ya kaburi, wanarudi Kisumu kulala. Wanaacha chupa za plastiki na hakuna kingine. Kijana wa kule akimaliza shule, nyingi ya njia zilizo mbele yake ni nyavu au basi la Nairobi, na ziwa halina samaki kama zamani. Lala kwa wenyeji angalau siku mbili. Mlipe anayekuonyesha njia ya mlimani, na mwenye boti usimkamue kama vile amekuibia. Wewe uliyelipa mocha mia nne Westlands bila kunung'unika, hebu.

Mwishoni mwa Desemba huwa kuna tamasha la utamaduni wa Abasuba, ambao lugha yao inazidi kumezwa na Kijaluo. Ukilikosa, chagua siku za giza, mwezi usipoonekana. Ndipo wavuvi wa omena huwasha taa zao, na ziwa lote linang'aa kama mji.