Urithi wa Kale Haujilindi

Tunapoutaja ustaarabu wa Wahindi, aghalabu tunausifu kwa ukongwe wake: maelfu ya miaka, lugha nyingi, mashairi yasiyo na idadi. Sifa hizo ni za kweli. Hata hivyo, naona zina kasoro moja: zinatufanya tudhani kwamba cha kale hujilinda chenyewe, mfano wa mlima. Historia ya ushairi wa Kitamil, kusini mwa India, yanifundisha kinyume chake.

Mashairi ya kwanza ya Kitamil yana umri wa takriban miaka elfu mbili. Diwani moja, Purananuru, ilikusanya mashairi 400 ya vita, wafalme, ukarimu na mauti. Lakini mwaka 1880, U. V. Swaminatha Iyer, mwalimu wa Kitamil katika chuo cha serikali mjini Kumbakonam, alikwenda kumwamkia hakimu mgeni mjini hapo, Ramaswami Mudaliar. Hakimu alimuuliza amesoma vitabu gani. Mwalimu akavitaja, navyo vilikuwa vingi. Hakimu hakuvutiwa. Akamuuliza kuhusu tenzi kongwe, ukiwemo Civaka Cintamani. Mwalimu hakuwa ameusoma. Bingwa wa lugha yake hakuijua misingi ya lugha yake!

Sababu haikuwa uvivu. Mashairi hayo yaliandikwa kwa kukwaruzwa juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mvumo, na katika joto na unyevunyevu wa kusini majani hayo hayadumu zaidi ya karne chache. Wadudu huyala. Kwa hiyo kila kizazi kilipaswa kunakili upya kazi ya kizazi kilichotangulia. Penye kizazi kimoja kilichopuuza, kitabu kilikufa. Aidha, kulikuwa na ukuta wa dini. Civaka Cintamani ni utenzi wa Wajaini, na wasomi wa madhehebu mengine hawakuona haja ya kuushughulikia.

Iyer, Mhindu wa tabaka la Kibrahmani, aliuvuka ukuta huo. Aliwaendea Wajaini wa Kumbakonam, akaketi mbele yao kama mwanafunzi, wakamfafanulia yaliyomtatiza. Akatembea vijiji na vijiji akitafuta miswada, akalinganisha nakala moja na nyingine, neno kwa neno. Mwaka 1887 akachapisha Civaka Cintamani. Mwaka 1892 Cilappatikaram. Mwaka 1894 Purananuru. Wala hakuwa peke yake: C. W. Thamotharampillai, mzaliwa wa Jaffna, aliifanya kazi hiyohiyo. Iyer alifariki mwaka 1942, na hadi leo Watamil humwita Babu wa Kitamil.

Ndiyo maana nashikilia kwamba urefu wa historia ni kazi kabla ya kuwa fahari. Kitamil kilitambuliwa rasmi na serikali ya India kuwa lugha ya kale yenye hadhi ya pekee mwaka 2004. Lakini heshima hiyo ingesimama juu ya nini, kama majani yale yangeachiwa wadudu?

Sisi wa Kiswahili twaijua hadithi hii kwa jina jingine. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikumbuka na kuzikusanya, akishirikiana na W. E. Taylor. Na ni nani ajuaye ni ngapi zilizopotea?

Basi tukiwastahi Wahindi kwa ukongwe wao, tuwastahi hasa kwa unyenyekevu wa yule mwalimu aliyekubali kuulizwa, akakiri hajui, kisha akaenda kuuliza. Ukimwona mzee mwenye tungo kichwani, au sanduku lenye karatasi za hati ya Kiarabu zilizoanza kutoboka, usiseme ni vya kale vitakaa. Kaa naye leo, uandike.